Bila Kiputo

Saa moja asubuhi, Obunga.
Moshi wa mgongo wazi bado umelalia mabati,
nasi tumepiga magoti nyuma ya ukuta wa kiwanda cha gesi,
mimi na Odero na kekee ya mkono,
tukizungusha chuma ardhini
kama wasongao ugali uliokwisha kushika sufuria.

Nusu mita: majivu, miba, kizibo cha soda.
Mita moja: mfinyanzi mweusi,
ule unaopasua kuta za watu kila kiangazi.
Mita moja na nusu: kijivu.
Hapo Odero akageuza uso.

Harufu tamu. Tamu, naapa,
kama duka la rangi likifunguliwa Jumatatu.
Naandika: OB-3, udongo, saa moja na dakika arobaini.
Siandiki "tamu".
Fomu haina kisanduku cha utamu.

Kisha kisima.
Futi ishirini na mbili, pete za saruji
ambazo Rusalina Abuya alizinunua kwa mkopo wa chama
na kuzilipa kwa shilingi tano tano, mtungi kwa mtungi.
Ana kitambaa cha kijani kichwani, na hasemi upesi.

Ninamwonyesha kichupa cha kahawia,
hakizidi kidole gumba.
Hujazwa hadi maji yavimbe mdomoni.
Kifuniko. Kipindue. Kigonge kwa ukucha.
Kikitokea kiputo, hata cha punje ya wimbi,
mwaga, anza upya.
Kwa sababu tunayemtafuta ni mtoro:
akipata upenyo wa hewa anahama majini,
na maabara inakuta maji yasiyo na hatia.

Cha kwanza nilimwaga. Cha pili nilimwaga.
Cha tatu kikakubali.

"Nyinyi mnaogopa kiputo," akasema.
"Mimi nachota hapa mwaka wa kumi na moja
kwa ndoo iliyo wazi,
uso wangu juu yake.
Huyo mtoro wenu
amekuwa akitorokea wapi?"

Odero akakazana kufunga sanduku la barafu,
ambalo lilikuwa limefungwa.

Nikajaribu elimu.
Gesi ya mtungini, nikamwambia, haina harufu yake.
Huongezwa ile ya yai viza makusudi,
ili ikivuja ipige mayowe.
Akafikiri.
"Na hii ya chini,
nani aliitia sukari?"

Akaingia ndani, akatoka na chai,
kikombe cha bati chenye ua jekundu lililobanduka nusu.
Nikakipokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.
Mvuke ukanifikia kidevuni.
Mikono haikupanda.

Sijui ni muda gani. Jogoo aliwika, akawika tena.
Najua viwango vyote kwa kichwa,
najua sehemu ngapi katika bilioni ngapi,
najua kwamba kikombe kimoja si kitu,
na mikono haikupanda.

"Haya," akasema Rusalina Abuya,
"majibu nimeyapata."
Akanitazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.
"Kunywa, mwanangu. Hayo ni ya bomba,
nimeyanunua Kondele jana jioni.
Nilitaka kupima tu."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa,
utando wa maziwa ukanibandika mdomoni.

Vichupa kumi na viwili kwenye barafu.
Siku ishirini na moja, maabara inasema,
na bahasha itaandikwa jina la aliyelipa,
ambaye si yeye.
Nilimwambia hilo? Nilimwambia nusu.

Tulipofika kona ya reli niligeuka.
Mitungi ya njano ilikwisha kupanga foleni,
watoto wawili wakigombea nafasi ya kwanza.
Sikusikia aliwaambia nini.
Niliona kamba ya kisima tu,
imefunguliwa kwenye mti wake,
imekunjwa mikunjo mitano,
iko begani mwake.